Nilibadilisha Uzi wa Upinde wa Baba Mkwe

Tabora, Alhamisi, mwezi wa kumi. Mchana. Joto la kuchemsha ubongo. Mawingu yamejikusanya tangu asubuhi na hayanyeshi, yamekaa tu juu ya mabati yetu.

Shajara yangu ya blogu, leo sina salamu. Nina hofu.

Baba mkwe wangu amefunga begi. Liko sebuleni karibu na mlango, limekazwa kwa kamba ya katani kwa sababu zipu yake ilikufa zamani. Kesho asubuhi anataka kupanda basi arudi kwao Ziba. Akirudi Ziba hakuna wa kumfanyisha mazoezi ya mkono, na mtaalamu wa mazoezi wa hospitali alishasema bila kuzunguka: mkono huu ukiachwa sasa, utabaki hivi hivi maisha. Na sababu ya begi lile ni mimi. Mimi na uzi. Si uzi wa kushonea, ingawa ushonaji ndiyo kazi yangu. Ni uzi wa upinde, na upinde wenyewe uko ndani ya gemu.

Cheka kama unataka. Mimi sicheki.

Acha nianzie panapoeleweka. Mke wangu Zuhura ni mtoto wa Ziba. Baba yake alikuwa dereva wa lori tangu ujana wake, leo pamba, kesho mahindi, Nzega anaijua kama chumba chake cha kulala. Jina lake sitaliandika hapa. Kwao mkwe hatajwi jina, na sitaanza kulitaja kwa sababu tu niko kwenye blogu. Nitamwita Mzee. Baada ya Idi alipata kiharusi, kikampiga upande wa kulia. Mguu ukarudi, maneno yakarudi, mkono ukagoma. Hospitali iko huku mjini, na sisi tuko huku mjini, basi akaletwa kwetu.

Sasa, anayejua ukwe wa watu wa kule anaelewa balaa lililoingia nyumbani kwangu. Baba mkwe hakai kwa mkwewe hivi hivi. Hatuli sahani moja. Simpiti mbele. Simtazami usoni. Tukikutana kwenye korido mimi narudi kinyumenyume mpaka jikoni, nimeshamwaga ndoo ya maji mara kadhaa kwa sababu hiyo. Nikimwamkia shikamoo, anaitika marahaba huku ametazama kalenda ukutani. Mwanzoni tulizungumza kupitia Zuhura tu. "Mwambie mkwe dirisha la kwangu linapiga kelele." Na mimi nipo hapo hapo, nasikia kila neno, lakini nasubiri niambiwe.

Kilichotufungua midomo ni gemu.

Jumapili moja nilikuwa nacheza nikidhani amelala. Kumbe amesimama mlangoni. Akauambia ukuta, "Huyo anashika njia ya kulia, wakati ya kushoto haina mawe." Dereva ni dereva tu. Nikasogeza pedi ya pili ya kuchezea kwenye kochi. Akaitazama kama mtu anayetazama chakula cha wageni, halafu akaichukua.

Hapo nikagundua kitu ambacho sikuwahi kukifikiria katika miaka yangu yote ya kucheza. Kwenye gemu hakuna kutazamana. Wote mnatazama kioo cha televisheni. Mnaweza kukaa saa nzima, mkasemeshana, mkabishana, na hakuna macho yaliyokutana. Ukwe wetu haukuvunjika, ulipata tu mahali pa kukaa.

Hospitali walimpa mpira wa kubinya, akaukataa. "Mimi si mtoto wa kuchezea mpira." Mtaalamu aliposikia habari za pedi akasema vizuri sana, mwacheni, kila akibonyeza ni zoezi. Na kweli, lile dole gumba lililokuwa limelala likaanza kuamka. Siku Zuhura alipomwona baba yake anafunga kifungo cha shati peke yake, alikwenda kulia jikoni akasingizia vitunguu. Vitunguu vyenyewe havikuwepo.

Gemu letu ni la safari. Watu wawili wanasindikiza msafara wa wapagazi kuvuka nchi iliyojaa majitu, kutoka pwani mpaka ziwa kubwa. Mzee alipoona wapagazi na mizigo kichwani alisema, "Hii si ndiyo njia yetu hii?" Kuanzia hapo akalichukulia kama kazi. Mhusika wake akamwita Dereva. Wangu nikamwita Fundi. Na tukachagua kucheza kwa roho moja, yaani mmoja akifa wote wawili wanafutwa, safari yote inapotea, hakuna kurudia. Nilijaribu kumshawishi achague njia rahisi, akakataa. Eti barabarani hakuna kurudia.

Sasa nisikilize hapa, maana kosa langu liko hapa.

Dereva ni mpiga upinde. Pointi zake zote za ujuzi, tangu mwanzo, Mzee alizimwaga kwenye ujuzi mmoja unaoitwa Utulivu. Unasimama, unavuta upinde, unaushikilia. Duara dogo linatokea: kwanza jeupe, halafu la njano, halafu jekundu. Ukiachia kwenye nyeupe, mshale ni wa kawaida. Ukiachia kwenye nyekundu, unapiga mara tatu na unapenya ngozi ya jitu lolote. Lakini lazima uwe umefunga upinde uzi mzito, wa mshipa wa nyati, ndio unaokubali kushikiliwa muda mrefu hivyo. Na kushikilia maana yake ni dole gumba la kulia kukandamiza kitufe bila kulegea. Dole lile lile.

Kila asubuhi kabla sijafungua duka tulicheza. Kila asubuhi niliona kwa pembe ya jicho mkono unatetemeka. Pedi ilikuwa inagonga kifungo cha shati lake, tak tak tak tak, mpaka mshale uondoke. Mimi moyo ukawa unaniuma. Nikasema, huyu mzee anateseka.

Juzi Jumanne, alipolala baada ya chakula, nikawasha gemu peke yangu. Nikampeleka Dereva kwa mfua chuma wa kambini. Nikautoa uzi wa nyati, nikamfunga uzi wa hariri. Uzi wa hariri ni mwepesi, ukivuta tu unaachia wenyewe. Namba zote kwenye kioo zikapanda zikawa za kijani: kasi juu, mishale mingi, nguvu kwa jumla juu. Nikazima. Nikaenda kushona nikiwa na furaha kama mtu aliyetoa sadaka.

Mjinga mimi!

Humu humu kwenye blogu nimeandika mara ngapi? Watu wakiingia kwa mfua chuma wanatazama namba tu. Namba ikiwa ya kijani, wanabonyeza. Hawajiulizi mhusika wao anajua nini. Silaha haipigani peke yake. Ukiliongezea panga uzito, ujuzi wa kukwepa unadorora. Ukiupaka mkuki moto, ule ujuzi wa kugandisha adui hauna tena cha kugandisha. Kila kifaa unachofunga kina ujuzi kinaoelewana nao na ujuzi kinaogombana nao, na vikigombana anayeumia ni mhusika. Nimewacheka watu kwenye maoni kwa makosa haya. Nimewaita wajinga. Leo nimefanya lile lile kwa upinde wa baba mkwe, tena kwa siri.

Maana uzi wa hariri unaachia kwenye nyeupe. Hausubiri njano, sembuse nyekundu. Pointi zote za Utulivu zikawa takataka. Nilimwongezea silaha nikamnyang'anya ujuzi.

Jana umeme haukuwepo, hatukucheza. Leo asubuhi tukafika mtoni. Kuna jitu pale lenye magamba, ndilo linalozuia msafara usivuke. Dereva akasimama, akavuta. Mshale ukatoka mapema, ukagonga gamba, ukaanguka. Akavuta tena. Ukaanguka. Nikaelewa hapo hapo nilichofanya. Mzee hakuelewa. Alikuwa anakandamiza kile kitufe kwa nguvu zake zote, jasho linamtoka, na mshale unaondoka kabla hajataka. Tulikimbia kurudi msituni, Dereva amebakiwa na uhai kiduchu.

Mzee akaiweka pedi chini taratibu. Akautazama mkono wake. Akaiambia kalenda, "Umekufa huu. Nauambia ushike, haunisikii tena."

Nilipaswa kusema pale pale. Ningesema, baba, si mkono, ni uzi. Maneno machache tu. Lakini ili niseme uzi, lazima niseme nani aliubadilisha, na kwa nini. Ningemwambia nini mkwe wangu? Kwamba nilimwonea huruma? Kwamba niligusa kitu chake amelala kwa sababu niliona hawezi? Nikabaki nimekodoa macho kwenye kioo kama mbuzi.

Akamwita Zuhura. "Leta begi langu. Nikafie kwangu na mkono wangu."

Nimekwenda dukani, nimeshindwa kushona. Kesho Ijumaa, watu wanasubiri kanzu zao, na mimi nimeshona mfuko mmoja ukaangalia juu na mwingine chini. Nimefumua. Nimeshona tena vibaya vile vile. Nikarudi nyumbani nikamweleza Zuhura ukweli jikoni, kwa kunong'ona.

Akaweka mwiko chini. "Umegusa kitu cha baba akiwa amelala?"

"Nilikuwa nataka kumsaidia."

"Nani alikutuma?"

Nikamwomba amweleze yeye. Akakataa katakata, na ana haki. Mkwe akimkosea mkwe, binti hawekwi katikati, maana ataonekana kamlinda mumewe au kamlinda baba yake. Jambo la namna hii lina mtu wake. Akaniambia jina la mtu huyo, nikafikiri ananitania.

Hakuwa anatania. Nimempigia simu mshenga.

Yaani mshenga wangu mwenyewe, Bwana Shabani muuza viatu, aliyekwenda Ziba kuniposea Zuhura. Nimemwambia kuna kosa kati yangu na mzee wangu, anakuja baada ya alasiri. Sijamwambia kosa lenyewe ni la gemu. Angekata simu. Sasa namsubiri, ndiyo maana naandika, nisije nikatafuna vidole. Upande wa pili wa ukuta huu Mzee yupo, namsikia anakohoa. Begi liko mlangoni.

Natamani mvua inyeshe, barabara ya Nzega iharibike, basi lisiende. Astaghfirullah. Tazama ninachoomba.

*

Magharibi imepita. Mvua haijanyesha. Nataka niandike kabla sijasahau hata neno moja.

Bwana Shabani alikuja amevaa kanzu na koti, kama anaposa upya. Nilimwelezea uani haraka haraka. Alinisikiliza huku mdomo wake ukifunguka pole pole.

"Upinde uko wapi?" akauliza.

"Ndani ya televisheni."

"Na umeuvunja?"

"Sijauvunja. Nimeubadilisha uzi."

Akajishika kiuno, akatazama mawingu. "Nimewahi kutumwa kwa mambo ya ng'ombe," akasema, "nimetumwa kwa mambo ya mke aliyekimbia. Hili sijawahi." Halafu akakaza koti akaingia ndani, na hapo nilimpenda kuliko siku ya harusi yangu.

Mzee alikuwa kwenye kochi. Mimi nikakaa chini kwenye mkeka karibu na mlango, kando ya begi, macho sakafuni. Zuhura akaleta chai na karanga, hakuna aliyegusa. Salamu zikaenda za nyumbani, za ng'ombe, za mvua inayogoma. Zilichukua muda mpaka miguu yangu ikafa ganzi. Mwishowe mshenga akasafisha koo.

"Mzee, nimetumwa."

"Na nani?"

"Na huyu."

"Huyu si yupo hapo?"

"Yupo. Lakini ana kosa, hana mdomo. Amegusa upinde wako."

Mzee akafikiri. "Upinde wangu uko Ziba, juu darini. Ameufikiaje?"

Bwana Shabani akanyoosha mkono akaonyesha televisheni iliyozimwa, kwa heshima kabisa, kama anamtambulisha mgeni. Akasema ni ule wa humo. Akasema kijana aliutoa uzi wake mzito akaweka mwepesi, Jumanne, wakati Mzee amepumzika. Na ule uzi mwepesi haukubali kushikiliwa. Mtu yeyote auvute, hata mwenye mikono ya chuma, unaachia kabla. Ndivyo nilivyomwelezea, na wallahi aliyasema vizuri kuliko mimi ninavyoyaandika.

Mzee akaitazama televisheni.

"Kwa hiyo leo mtoni," Mzee akasema.

"Ni uzi, Mzee. Si mkono."

Nikasikia Zuhura anavuta pumzi kule jikoni. Mzee akaugeuza mkono wake wa kulia, akautazama kiganja, akaugeuza tena. Nilidhani atafurahi. Nilijiandaa kwa furaha yake, nilikuwa tayari hata kutabasamu kidogo.

"Kwa nini aliubadilisha?"

Mshenga akanitazama, akamtazama yeye, akajaribu. "Kwa mapenzi, Mzee."

"Mapenzi gani ya kunyatia mtu amelala?" Sauti ilipanda. Sijawahi kuisikia sauti ile tangu aje kwangu. Ilikuwa sauti ya kumzuia ng'ombe asiingie barabarani. "Na asiseme kupitia kwako. Leo aseme mwenyewe."

Nikauambia mkeka, "Niliona mkono unatetemeka, baba. Nikaona unateseka. Nikasema nikupunguzie."

Bwana Shabani aliokota karanga moja akaishika tu, hakuila.

"Uliona unatetemeka," Mzee akasema, safari hii polepole. "Na kweli unatetemeka. Lakini je, uliniona nikiachia? Hata siku moja? Njano imekuja nimeshika, nyekundu imekuja nimeshika. Hapo ndipo nilipokuwa najua huu mkono bado wangu. Wewe ukatazama kutetemeka, hukutazama kushika. Ukanihukumu na mkono wangu, ukanipa cha watoto."

Machozi yalinijaa. Nimefundisha watu humu jinsi ya kupanga ujuzi na silaha, na mtu nilikuwa nimekaa naye kochi moja, nikashindwa kumsoma. Nilidhani ule uzi mzito ni mzigo wake. Kumbe ndio ulikuwa dawa yake, na alikuwa anajua hivyo tangu siku ya kwanza.

Nikasema, "Nisamehe, baba." Nikasema tena.

Mshenga akaingilia kwa haraka, akapendekeza kuku wa faini, jogoo mwekundu. Mzee akampungia mkono akae kimya.

"Arudishe uzi wangu," akasema. "Kesho naondoka, lakini siendi Ziba nikiwa nimekimbizwa mtoni."

Nikawasha. Vidole vyangu viliteleza kwenye pedi, nikapotea hata njia ya kambini. Nikautoa uzi wa hariri, nikafunga wa nyati, na namba zote zikashuka zikawa nyekundu za aibu. Nikainuka na kumpa pedi yake kwa mikono miwili, uso pembeni. Akaipokea. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea kabisa.

"Na hiyo ngao yako ni ya nini?"

Nikashtuka. Fundi wangu ana ngao kubwa ya chuma, na pointi zangu zote ziko kwenye ujuzi uitwao Kifua. Yeyote aliye nyuma yangu hapigwi, mapigo yote yanakuja kwangu. Ni ujuzi mzuri, kila mtu anausifia. Kwangu haujawahi kufanya kazi, na nilikuwa nalaumu ngao. Nimeibadilisha mabamba, nimeibadilisha mshikio, nimeandika humu kwamba gemu lina kasoro.

"Tangu safari ianze uko nyuma yangu," Mzee akasema. "Mishale inanipata mimi, na wewe mwenye ngao uko nyuma umenifuata kama unanibebea mkoba. Nilikuwa nasubiri uone mwenyewe."

Loo! Ni kweli. Simpiti mbele. Sijawahi kumpita mbele. Miguu ya Fundi ilikuwa inafanya kile miguu yangu inachofanya kwenye korido, na sikuwahi kuona. Vidole vyenyewe vilikuwa na adabu.

"Humo ndani tangulia," akasema. "Huku nje adabu yako nimeiona."

Nikakaa sakafuni chini ya kochi lake na pedi yangu, tukaenda mtoni.

Sijui nieleze vipi. Nilitangulia. Ilikuwa kama kutembea uchi sokoni. Kila hatua mwili ulitaka kurudi nyuma, nikaulazimisha. Jitu likatoka majini, likapiga, ngao ikapokea, na kwa mara ya kwanza nikaona mwanga wa Kifua unawaka, na Dereva nyuma yangu hajaguswa hata unywele. Nyuma yangu nikasikia, tak tak tak tak, pedi inagonga kifungo. Nyeupe. Njano. Nilijizuia nisigeuke. Tak tak tak. Nyekundu. Mshale ukaenda ukapasua magamba, jitu likapiga ukelele mpaka Zuhura akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Tena!" akapiga kelele Bwana Shabani. Alikuwa amesimama, koti limemdondoka, chai imemwagika. "Tena, Mzee! Mpasue!"

Tena. Nyekundu. Tena. Nyekundu. Kwa pembe ya jicho namwona Mzee, uso umeloa, meno ameuma, dole gumba limebadilika rangi, na haliachii. Mimi ngao inaanza kupasuka lakini jitu limebakiwa na uhai mdogo kama ukucha. Mshale mmoja tu. Zuhura amejishika mdomo. Taa ya dari ikapepesa, nikasema Mungu wangu, umeme usikatike sasa, usikatike.

Haukukatika.

Ila Mzee, kwa ajili ya kupata nafasi nzuri ya mshale wa mwisho, akamsogeza Dereva mbele hatua moja. Hatua moja tu, akaja sambamba na mimi. Na mimi, Mungu ananiona, nilimwona mkwe wangu anakuja, nikampisha.

Nikampisha! Nikarudi kinyumenyume vizuri kabisa, kama korido.

Jitu likampata Dereva kifuani. Akaanguka. Roho moja. Kioo kikawa cheusi, majina yetu yakatokea, Dereva na Fundi, yakafifia. Safari yote, kuanzia pwani.

Bwana Shabani akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa wamekwenda wapi?"

"Wamefutwa," nikasema.

"Wote?"

"Wote."

Sikuthubutu kugeuka. Nilitazama begi. Nikaona kamba ya katani, nikaona basi, nikaona mkono umelala tena kwenye magoti kule Ziba, na hospitali iko mbali. Nimeuua mkono ule mara mbili kwa wiki moja. Nikasikia nyuma yangu kitu kinatikisa kochi, nikadhani analia, nikasema yamekwisha.

Alikuwa anacheka.

Mzee alikuwa anacheka mpaka fimbo yake ikaanguka. "Umenipisha," akasema, hawezi kumaliza. "Jitu linakuja, na wewe… umenipisha!" Bwana Shabani akaambukizwa, Zuhura akakaa chini na mwiko wake. Nami nikacheka na kulia kwa pamoja, kamasi na yote, mtu mzima.

Alipotulia alijifuta uso. Kwa mkono wa kulia. Nadhani hakujua kwamba ametumia huo. Zuhura aliona, niliona alivyoona.

"Zuhura," akasema. "Fungua hilo begi."

"Baba?"

"Huyu hajui kutangulia. Nikiondoka atafundishwa na nani? Tunaanza upya, kuanzia pwani. Na upinde naufunga mwenyewe, mtu asiuguse."

Zuhura alihangaika na ile kamba, fundo limekaza, mpaka akalikata kwa kisu cha jikoni. Bwana Shabani aliondoka bila jogoo lakini amebeba karanga zote, na ameapa atakuja Jumapili kuangalia. Sasa nyumba imetulia. Namsikia Mzee upande wa pili wa ukuta anahangaika na swichi ya taa, inawaka, inazima, inawaka. Anafanya mazoezi ya dole.

Kanzu za watu bado hazijaisha na nitalaumiwa. Acha nilaumiwe.

Asubuhi ni zamu ya hospitali, mazoezi ya mkono. Bajaji itasimama nje, na mimi ndiye wa kumpeleka. Mlango wetu ni mwembamba, hatupiti wawili.

Sijui nani kati yetu atatoka kwanza.